Nilivyomzika Njoroge Kwenye Kompyuta

Niliapa kwamba rejista ya ushirika wetu wa maziwa huku Bahati itakuwa safi kabla ya mkutano mkuu. Kwenye kompyuta, majina yalijirudia mpaka aibu: Njoroge Mwangi wawili, Kamau Maina watatu. Nikajifungia ofisini siku nne, nikiwaunganisha waliofanana. Jina moja, kijiji kimoja, basi huyo ni mtu mmoja.

Chebet, anayepima maziwa, aliniambia, "Kamau, si ungeuliza wenyewe kwanza?"

"Kazi ya kompyuta haitaki umbea," nikamjibu.

Yaani mimi, niliyepewa jina la babu yangu, nilisahau kwamba huku kwetu mjukuu huitwa jina la babu yake. Na akirithi ng'ombe, anarithi pia uanachama, huku jina la babu likibaki kwenye rejista na alama ya marehemu.

Siku ya mkutano mwenyekiti alinisimamisha mbele na kunisifu kwa rejista mpya. Nikapigiwa makofi ya kilo, yale ya pamoja kwa mpigo mmoja. Kabla sijaketi, akachukua karatasi iliyotoka kwenye kompyuta yangu, akasema atasoma majina ya wanachama waliotuacha, kisha tusimame dakika moja kimya.

"Njoroge Mwangi," akaanza.

Njoroge Mwangi, aliyekuwa ameleta maziwa asubuhi hiyo, alivua kofia akiwa kwenye kiti cha mbele na kuinua mkono.

"Mwenyekiti, hiyo dakika ikifika, mimi nisimame na nyinyi ama nilale?"

Ukumbi mzima ukageuka kutafuta mwenye rejista. Haikuwa kazi kunipata. Ni mimi tu niliyekuwa bado nimesimama.