Nilimnyima Mkwe Kahawa kwa Sababu ya Babu Yake

Jamani, nimekosa! Sikuponzwa na pombe wala shetani. Ni akili zangu mwenyewe, hizi hizi nilizojivunia tangu shule.

Mimi ni karani mstaafu, naishi Izigo. Miaka yote kule Muleba niliwajazia watu fomu: jina, kabila, mahali pa kuzaliwa. Nikajiona mtaalamu. Ukitaka kujua kabila la mtu, uliza babu yake alizaliwa wapi, basi, umemaliza! Nshomile mimi, msomi wa Kihaya, nani angenibishia?

Mwaka juzi binti yangu Koku akapata mchumba, Majura, anauza dagaa kwenye visiwa vyetu. Kijana mpole, ana adabu kuliko wanangu wote. Wazee wake wakaja kujitambulisha. Kwetu mgeni akishakaa tu analetewa kahawa ya kutafuna. Mimi nikakikumbatia kikapu cha kahawa mapajani, nikasema kwanza tufahamiane: babu wa huyu kijana alizaliwa wapi?

"Ukerewe," baba yake akajibu. "Ila baba wa huyo babu alitoka hapa hapa Izigo, alifuata samaki."

"Hilo sikuuliza. Ukerewe ni Ukerewe. Sitoi binti kwa watu wa kuja."

Weee! Wazee wa watu wakainuka, wakaondoka bila kuonja hata punje moja. Koku alikuwa mlangoni, kasikia kila neno.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekaa mkekani. Akaanza kucheka.

"Na babu yako wewe alizaliwa wapi?"

"Si hapa? Kaburi lake si lile pale mgombani?"

"Pale alizikwa. Baba yangu alizaliwa Uganda, mama yake alipofuata vibarua vya pamba. Wanarudi huku, mtoto ana meno yote na anaongea Kiganda kitupu. Haya, Mganda, wakimbilie wageni uwape kahawa!"

Loh! Kumbe kwa kanuni yangu mwenyewe nimekuwa Mganda maisha yangu yote, na fomu zangu zote nimezijaza uongo! Mwenye haya angewakimbilia wale wazee barabarani. Mimi nikasema shangazi amezeeka, anachanganya mambo. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Koku aliondoka wiki ile ile. Wakafunga ndoa Kemondo, kwenye kiti cha baba akakaa mdogo wangu. Mimi nilibaki nyumbani na heshima yangu, tukaangaliana mpaka jioni. Iliniuma, lakini nani angekubali kusema?

Mwezi uliopita nikasikia amejifungua kisiwani, huko mumewe anakouzia dagaa. Nikapiga simu. Nikasema nimekosa, mwanangu, naomba nije nimpakate mjukuu wangu.

Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Tata, huyu mtoto kazaliwa kisiwani. Una hakika ni wa kwenu?"

Akakata simu.

Sasa wewe unayepekua babu za watu, endelea tu waitu, ndugu yangu, kazi nzuri hiyo! Ila ukiona mgeni amekaa, mpe kahawa kwanza. Yangu imejaa kikapuni hakuna wa kuitafuna, na mjukuu wangu wa kwanza sijui hata anafanana na nani.