Karibu Iliyotoka Darini

Kundi letu la kutembea lilizaliwa Johannesburg, katika vilima ambavyo ukisimama juu yake unaiona Sandton yote: Watanzania, Wakenya na Wakongo tuliochoka kukutana misibani tu. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, tuliyemwita Mama. Alikuwa amevunjika goti, akapona nusu, na wanawe, ambao humjibu kwa Kizulu, walimshauri akapumzike ufukweni. Yeye akajiandikisha kwa safari ya Moroko. Alitaka jambo moja tu: kupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, ili asiitwe tena mgonjwa.

Tulikwisha kuvipita vijiji kadhaa vya Atlasi kwa basi dogo, vyote vikiwa na rangi ya udongo uliovizaa, wakati maporomoko ya mawe yalipotufungia barabara. Kijiji tulikopaswa kulala kilikuwa juu yetu, kimejishikiza mtelemkoni. Kiongozi wetu, mwenyeji mpole aliyeongea na Mama kwa Kifaransa, akaamua: wenye nguvu wapande, basi limrudishe Mama mjini. Alipouona uso wake, akaongeza kwamba nyumbu wa kubeba mtu naye yupo.

«Nyumbu abebe masanduku,» alisema Mama.

Mkenya mmoja wa kundi letu, mtu wa benki, akamtania: «Mathe, wewe hata robot, taa za barabarani, hugeuka nyekundu ukiwa katikati ya kuvuka.»

«Na magari inaningojea.»

Tukapanda. Kabla ya nusu ya njia Mama aliketi juu ya jiwe, uso umepauka. Kiongozi akamsogeza nyumbu. Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa akianika mahindi juu ya dari ya nyumba ya kwanza, alipotuona, akalipungia mkono bonde zima na kuita: «Karib! Karib!»

Mama akainua kichwa. «Umesikia? Ananikaribisha. Kwetu, mutu akikuambia karibu, haurudi nyuma.»

Nilisoma madrasa Tanga kabla ya kusoma chuo kikuu, na neno lile nililijua. Kiswahili kimelipa milango miwili; Kiarabu kimeliachia mmoja. Bibi alikuwa akisema tu kwamba si mbali, na hata hilo halikuwa kweli. Nilifungua kinywa kumsahihisha, nikakifunga. Iko elimu ambayo hupendeza ikinyamaza.

Mama akasimama. Mguu mzima ulitangulia, mbovu ukafuata, kona baada ya kona. Kila bibi alipoita, Mama alimjibu kwa sauti ya sokoni: «Aksanti, niko nakuya!» Kiongozi aliniuliza Mama anamjibu bibi nini. Nilipomweleza alicheka, kisha akaacha kucheka, akamrudisha nyumbu nyuma ya msafara.

Bibi alitushukia mlangoni. Alimshika Mama mikono yote miwili na kusema, «Marhaba.» Hapo kiongozi akamfumbulia Mama kwa Kifaransa: huku ndiko kukaribishwa, lile la kwanza lilihusu umbali tu.

Mama alitazama chini. Basi lilionekana dogo kama kifungo cha shati, na yule Mkenya wa benki alikuwa bado kona moja nyuma yetu, mikono kiunoni.

«Alisema ni karibu? Huyu mama ni muongo,» akasema, akacheka hadi machozi. «Karibu ao mbali, nimefika na miguu yangu.»

Nami, mtu wa Tanga, ile marhaba ilinifikia kama jibu lililoitangulia salamu yake. Sikuwahi kumwamkia Mama kwa desturi ya kwetu. Nikainamisha kichwa.

«Shikamoo, Mama.»

Akamwonyesha mwenyeji wake kwa kidevu. «Huyu amekwisha kunijibia.»

Akaingia wa kwanza, wima, na sisi wengine tukabaki kizingitini tukifungua kamba za viatu.