Mfungo wa Mto

Ningekataa tu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimesema hapana mara nyingi kuliko mtu yeyote kijijini kwetu. Nilimwambia hapana shemeji yangu, nikamwambia mwalimu mkuu, nikamwambia hata katekista aliyekuja na sufuria yake mkononi kabisa. Lakini Alhamisi ile, wiki ya pili baada ya Pasaka, nikiwa nimekaa jikoni kwa mke wangu nikisubiri uji, nilisema: "Haya. Jumamosi tutafungua mto. Asubuhi moja tu."

Mke wangu alipiga kigelegele palepale, mwiko ukiwa hewani, uji ukanirukia shati. Na mimi, mwenyekiti mzima, nikacheka.

Mto wetu si mkubwa. Unashuka kutoka milima ya Umatengo na kuingia Ziwa Nyasa karibu na vichanja tunapoanika usipa, dagaa wa kwetu. Mvua zikikolea, mbasa hutoka ziwani na kuupanda kwenda kutaga mayai kwenye changarawe huko juu. Mbasa ndiye samaki wetu wa heshima: mrefu kama mkono wa mtu mzima, anang'aa kama sufuria mpya, na utamu wake sitauandika kwa sababu nitashindwa kuendelea. Shida yake ni kwamba anapanda kwa makundi na njia anayo moja. Ukitega wavu mmoja kukatiza mdomo wa mto, umewapata waliokuwa wanakwenda kuzaa wote.

Ndiyo maana mimi na jirani yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, tulianzisha mfungo wa mto. Sheria za serikali zilikuwepo, lakini zilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ofisini. Sisi tulitaka kitu ambacho bibi asiyejua kusoma angekikumbuka. Mimi ni Mkatoliki, yeye Mwanglikana; kalenda tuliyokuwa nayo sote ni ya Kwaresima. Tukatangaza katika makanisa yote mawili: kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pentekoste, hakuna wavu kwenye mdomo wa mto.

Watu walicheka mpaka wakashika mabenchi. "Sisi tunafungua Pasaka, samaki waendelee mpaka Pentekoste? Wana dhambi gani?"

Mwalimu akajibu bila kutabasamu: "Dhambi ya kuwa watamu."

Faini hatukuweka. Tulikuwa na filimbi moja ya refa wa mpira, na mwalimu aliivaa shingoni hata kwenye mazishi. Ukionekana na wavu mahali pasipo pake, anapuliza, watu wanatoka majumbani kuja kukuangalia. Wanakuangalia tu. Hakuna aliyestahimili kuangaliwa mara mbili. Mimi nilichaguliwa mwenyekiti wa mfungo kwa sababu nilisoma mpaka kidato cha nne na sauti yangu ni kubwa. Mwaka wa nne wa mfungo mbasa walipanda wengi hivi kwamba mapema asubuhi, kabla ya chai, mimi na mwalimu tulikuwa tunakwenda kusimama darajani kama wazee wawili wanaotazama mpira. "Huyo! Huyo mkubwa!" Tunapiga kelele, tunagombana nani kamwona kwanza, halafu tunarudi kwangu kunywa kahawa.

Basi, kijana wangu wa pili akapata mchumba huko Litembo, mlimani. Wakati wa Kwaresima hakuna harusi. Na baba wa binti, mkwe wangu, alituma ujumbe kwamba kahawa ikianza kuiva hakuna mtu wa mlimani atakayesogea hata akiitwa na askofu. Kati ya Pasaka na kahawa tukabaki na Jumamosi moja. Jumamosi hiyo ikaangukia katikati ya mfungo wa mto.

Kwetu mwambao, wakwe wakija mara ya kwanza, baba wa binti huwekewa mbasa mzima kwenye ungo, kichwa na mkia, mbele ya watu. Ukimwekea samaki mwingine umemwambia kwamba binti yake ni wa kawaida. Nilijaribu kwa njia halali. Siku tatu nilikaa ziwani na ndoana, jua likanichoma masikio, nikarudi na kambale mmoja aliyeonekana kunihurumia. Mbasa wote walikuwa wameelekea mtoni. Nikapendekeza tutumie mbasa mkavu wa mwaka uliopita.

"Mkavu?" mke wangu akauliza. "Mkwe anakuja kwenye harusi au anapelekewa chakula hospitali?"

Ndipo nikasema lile neno. Jioni nilimwendea mwalimu, akiwa anapalilia muhogo.

"Mpe jogoo," akasema.

"Mwalimu, ni mbasa."

"Mpe majogoo wawili."

"Ni asubuhi moja tu. Tunatoa mmoja, tunafunga."

"Sawa. Wiki ijayo na mimi nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Bado. Nitamtafuta."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kupalilia.

Jumamosi ile, sitawadanganya, ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote nilizoishi. Nilifikiri tutakuwa watu watatu na wavu mdogo. Kufika mtoni nikakuta kijiji kizima, kwaya zote mbili, wamama wamejifunga khanga viunoni, mtu mmoja kaja na ngoma. Wanasema, "Mwenyekiti katoa ruhusa kama askofu!" Wavu ulikuwa mrefu kuliko nilivyoagiza, nani aliuunga mpaka leo sijui, na sikuuliza. Nikashika kamba ya mbele mwenyewe.

Kumbe tuliwakuta wanapita. Maji yalichemka. Wavu ulikuwa mzito kama tunavuta nyumba. Nikaanguka, nikaamka, ndala yangu moja ikaenda zake ziwani, watu wakaiimbia wimbo wa kuiaga. Tulipoutoa mchangani, mbasa walikuwa wanapiga mikia kama makofi kanisani, na tulipanga kuchukua mmoja! Aliyekumbuka hilo nani? Kila mtu alikumbatia samaki wake kama mtoto. Majike matumbo yalikuwa yamejaa, mayai yakimwagika, mchanga wote ukawa unateleza. Tuliteleza juu ya yale mayai. Mke wangu aliteleza, akanidaka mimi, tukaanguka wote wawili, tukashindwa kuinuka kwa kicheko. Watu wazima, wenye wajukuu.

Nilipoinua kichwa nilimwona mwalimu juu ya jiwe alilozoea kusimama akilinda mto. Filimbi ilikuwa mdomoni. Alinitazama, nami nikampungia mkono aje. Aliitoa filimbi mdomoni, akaifuta kwa shati, akaondoka.

Wakwe wakafika adhuhuri kwa lori, kizunguzungu cha kona za mlimani bado kimewashika. Mkwe wangu alishuka na koti zito la baridi, jua la ziwa likampokea.

"Karibu, mkwe, vua koti."

"Koti ni heshima, mkwe."

"Utaiva!"

"Niive kwa heshima."

Alikaa na koti lake akitiririka jasho, na ungo ulipoletwa na mbasa yule mkubwa, macho wazi, mkia umening'inia nje, aliinuka, akavua koti mwenyewe bila kuambiwa, akalitandika chini ili ungo uwekwe juu yake. Vigelegele vilitoka mpaka kuku wakakimbia. Kisha akala. Watu wa mlimani na miiba ya samaki! "Mkwe," akanong'ona, ulimi umetoka nje, "huyu samaki wenu ana sindano." Ugali wa muhogo ukamnata vidoleni, akawa anapunga mkono kama mtu anayeaga. Tulicheza mpaka ngoma ikapasuka. Wakati wa kuagana nilimshika mkono mkwe wangu, nikasema kwa sauti yangu hii kubwa: "Kila Pasaka uje. Mto upo."

Jumatatu alikuja mtu wa kwanza. Mwanawe anapata Komunyo. Ningemwambiaje hapana? Nilikuwa bado nanuka mbasa. Jumatano akaja wa pili, ana ubatizo. Ijumaa wakaja watatu pamoja. Kijiji kizima ghafla kikawa na wakwe. Mtu niliyejua hana ndugu hata wa kusingizia akapata shangazi kutoka Mbinga. Mmoja nilijaribu kumkatalia, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Shikamoo, mwenyekiti. Naomba kuuliza, wa kwako alikuwa wa dhahabu?" Nikamwambia, "Marahaba, kachukue wavu." Wiki ya nne hawakuniuliza tena. Pentekoste ilipofika, siku ya kufungua rasmi, tulivuta wavu na kupata majani.

Siku ile mwalimu alikuja kwangu, akaweka filimbi mezani. Nilimmiminia kahawa. "Ahsante, mwenyekiti, nina haraka," akasema, na mtu aliyestaafu hana haraka.

Mwaka uliofuata mbasa walipanda wachache, nikasimama darajani peke yangu, nikamwona mmoja mkubwa, nikapaza sauti "Huyo!" kisha nikatazama kando kama mwizi. Mwaka wa pili walikuwa wachache zaidi. Tangu wa tatu sijaona hata mmoja. Wapo wanaonifariji kwamba udongo wa mashamba ya juu umefunika changarawe, na kwamba ziwani nako nyavu zimekuwa nyingi. Inawezekana. Lakini udongo haukuushika ule wavu kwa kamba ya mbele.

Mkwe wangu amekuja tena Pasaka hii kumwona mjukuu wetu. Koti safari hii aliliacha kwenye gari, amejifunza. Amezeeka kama mimi, na utani wake haujapungua. Mke wangu aliweka ungo mbele yake, kuku ndani, amekaangwa vizuri.

Akamgeuza geuza. "Mkwe, huyu hana sindano. Yule wa siku ile yuko wapi?"

Ningeweza kusema msimu mbaya. Wenzangu wote wanasema hivyo. Nilisema, "Nilimmaliza siku ile ile, mkwe. Yeye na wenzake, na mayai yao. Niliufungua mto kwa ajili ya ungo wako, na haukufungika tena."

Akavunja paja la kuku. "Mimi siku ile ningekula hata kuku," akasema. "Nilikuwa na njaa tangu Litembo."

Tukacheka wote wawili, tulicheka sana, mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Mwalimu bado yupo, nyumba ya pili kutoka kwangu. Ananisalimia vizuri kila asubuhi, anauliza habari za mjukuu, na hajawahi kukaa tena kwangu. Filimbi yake ipo kabatini kwangu. Mjukuu huipuliza, na hakuna anayetoka nje kuangalia. Asubuhi ile moja ilinigharimu mbasa wote wa mto wetu, kazi ya miaka tisa, na rafiki niliyekuwa nikinywa naye kahawa.