Mashua Niliyoinunua Kiembeni

Najua nyote mmeshaisikia habari hii, na najua hapa Mtongwe husimuliwa kila nikiipa baraza mgongo, lakini mmeisikia kwa waliokuwa wamesimama nchi kavu wakicheka, kwa hiyo leo nitaisema mwenyewe, mimi niliyekuwa ndani ya mashua, na atakayecheka acheke mara moja amalize. Aibu yenyewe nimeshaizoea. Lipo jambo moja ndani yake ambalo sijalizoea, nalo nitalifikia.

Nimefanya kazi bandarini miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote chombo pekee nilichopanda ni feri. Kazi yangu ilikuwa kuandika nambari za makontena. Sasa siku nilipokwenda kuposa kwa babake Zuhura, mke wangu (na huyo mzee ni fundi wa mashua, babake alikuwa fundi, na babu yake vilevile), aliniuliza kazi yangu nami nikamweleza vizuri, kwa adabu, akamgeukia nduguye akasema, "Kumbe ni karani wa masanduku." Nyumba nzima ikacheka. Zuhura nilipewa, lakini jina nalo nilipewa siku hiyohiyo, na mpaka leo binti yetu Rukia ana watoto wake, mimi kwa wakwe zangu bado ni karani wa masanduku.

Basi nilipostaafu nikajiambia nitanunua mashua ya tanga, ndogo, yangu mwenyewe, nipite nayo mbele ya macho ya yule mzee. Sikutaka kuvua, sikutaka kubeba watalii. Nilitaka aseme neno moja zuri juu yangu kabla mmoja wetu hajazikwa.

Mashua nikaipata Kiembeni. (Ndiyo, Kiembeni, kwenye maploti, ambako maji mengi utakayoyaona ni ya kwenye tangi.) Zamani ilikuwa ya hoteli fulani ya ufukweni iliyofungwa, ikaishia nyuma ya nyumba ya kijana mmoja wa bara, chini ya mabati, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Kijana akaipiga kofi ubavuni.

"Mzee wangu, hii kitu ni kavu kabisa. Haijaguswa na maji miaka miwili."

Nami, mtoto wa pwani, mzaliwa wa Likoni, nikaona hiyo ndiyo sifa ya mashua, kuwa kavu, kama unavyoisifu nyumba isiyovuja. Mwanga wa jua niliuona ukipenya katikati ya mbao, wallahi niliuona kwa macho haya haya, nikadhani mbao zinapumua. Bei ilikuwa ya kutupa, nikalipa siku ileile.

Zuhura alipopata habari aliniambia, "Baba Rukia, kabla hujaileta, nenda kamwambie baba aje aitazame. Neno moja tu."

"Nimwambie nini? Mimi si mtoto."

"Basi nenda kamuulize kama mtu mzima."

Sikwenda. Nilikodi lori Kongowea, lililokuwa limetoka kushusha vitunguu, tukaipakia mashua juu yake, na mimi nikakaa mbele na dereva kama bwana harusi. Feri ilikuwa imejaa. Watu waliposhuka kwenye magari kutazama, mama mmoja mwenye ndoo ya maembe akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ufukwe wa Shelly, "Mashua yapanda feri! Kwani yaogopa maji?" Kikapigwa kicheko pale, nami nikacheka pamoja nao, maana ningefanya nini?

Njia ya kwangu hupita mlangoni kwa mzee. Alikuwa amekaa nje ananoa tezo lake la kuchongea mbao. Dereva akaniuliza, "Tusimame umsalimu?" Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, na si baharini kama mnavyosema. Nilimwambia apige honi apite.

Wiki mbili nikaishughulikia peke yangu. Zile nafasi katikati ya mbao nilizijaza kwa ile dawa nyeupe ya kushikia vioo vya madirisha (msiniulize ni nani aliyeniambia, hakuna aliyeniambia), nikapaka rangi ya buluu na nyeupe mikono mitatu, na nyakati za jioni nikawa natazama video za simu za Wazungu wanaovuta kamba. Kisha nikatangaza siku ya kuishua, kuiteremsha majini: Jumamosi asubuhi, dua, pilau, watu wote waje. Na mzee nikamtumia mtu kumwalika.

Alikuja. Kanzu safi, kikoi chini yake, bakora mkononi. Mashua ikasomewa dua, watu wakaitikia amina, kisha mzee akapitisha kiganja ubavuni mwake taratibu, akafika penye ile dawa nyeupe, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea. Akanitazama.

"Mwanangu, chombo hiki kimekaa nchi kavu muda gani?"

"Miaka miwili, baba," nikasema mbele za watu, kifua mbele. "Ni kikavu kabisa, hakijaguswa na maji!"

"Mashallah," akasema.

Akaendelea kunitazama. Leo najua alikuwa akingoja. Kwetu mtu hamsahihishi mkwewe hadharani, ni kumvunjia heshima, na fundi haingilii chombo cha mtu asipoombwa, kwa hiyo alikuwa amenifungulia mlango na amebaki ameushika. Ningesema tu, "Kwani vipi, baba?" na mambo yangeishia hapo. Mimi nikamkaribisha kahawa.

Akaenda kando, akavua kanzu akaikunja, akavua makubadhi, akakipandisha kikoi mpaka magotini. Nikajiuliza huyu mzee amekuwaje, mbona anajiandaa kama anayekwenda kuchota maji? Kisha akamwita Zuhura wakazungumza maneno mawili matatu. Zuhura akaja kwangu, macho chini.

"Baba Rukia, kichwa chaniuma. Mimi nitabaki hapa."

Iliniuma, maana nilikuwa nimemwekea mto mbele, wa kukalia. Lakini watu walikuwa wanangoja, nikapanda na wenzangu wawili wa baraza: Saidi mwenye duka la mkaa, na Charo, niliyefanya naye kazi bandarini, mtu wa Kaloleni ambaye hajui kuogelea na aliyekuja amevaa viatu vya kanisani kwa kuniheshimu. Vigelegele vikapigwa, tukasukumwa, nikavuta kamba kama nilivyoona kwenye video, na tanga likajaa upepo. Jamani, likajaa! Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa nilikuwa nahodha. Nikampungia mzee mkono, naye hakunipungia.

Charo akasema, "Bwana Athumani, haya maji hapa chini ni ya kawaida?"

"Ni ya kawaida. Chombo hulia kidogo kikianza."

"Mbona kinalia mpaka viatuni?"

Nikatazama chini. Ile dawa ya madirisha ilikuwa inaelea vipande vipande kama nazi ya kukuna, na maji yalikuwa yanaingia kila upande, si kwa tundu moja ambalo ungeliziba kwa kitambaa, bali kwa kila mahali ambapo mbao mbili zilikutana. Saidi akamwaga baharini mahamri yote tuliyobeba apate bakuli la kutolea maji. Mimi nikataka kugeuza turudi, nikavuta kamba isiyo yenyewe, tanga likatupiga sote watatu, kofia ya Saidi ikaenda, na mashua ikashuka taratibu, wima, bila haraka, huku Charo amenikumbatia shingo anamwita mamake kwa lugha ya kwao, "Mayo! Mayo wee! Nafa!"

"Charo, simama!" nikamwambia.

Akasimama. Maji yalikuwa yanamfika kifuani.

Hapo ndipo ufukwe mzima ulipoangua kicheko ambacho mpaka leo nakisikia. Simu zote juu. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa ameshafika tulipo, kikoi kimelowa. Akamshika Charo, akamshika Saidi, wa mwisho akanishika mimi.

"Hukuniuliza," akasema. Hakuongeza neno.

Maji yalipokupwa, mashua ikabaki imekaa kwenye tope, kunguru juu ya mlingoti, na watu wakala pilau yangu wakiitazama.

Alasiri, nyumbani, Zuhura alikuwa anaanika suruali yangu uani. Nilimhurumia, nikamuuliza, "Kichwa kimepoa?"

Akaendelea kubana nguo. Kisha akasema, "Sikuwa naumwa na kichwa. Baba aliniambia nisipande."

"Alikwambia itazama?"

"Aliniambia nisipande, nami nikajua."

"Na mimi je?"

"Wewe hakukutaja."

Nikamtazama mke wangu wa miaka yote hiyo. Alikuwa analia, na bado alikuwa anabana nguo. "Nilikwambia mara ngapi uende ukamuulize?" akasema. "Ningekuzuia mbele za watu, ungeniacha mzima?"

Kweli ningemfokea, na sote wawili tunalijua hilo. Lakini inauma. Kuzama hakuniumi kama ule mto niliomwekea.

Mashua nilimwachia mzee. Aliitia kalafati, yaani alishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, kisha akaiacha ilowe majini siku kadhaa mpaka mbao zikafura zikashikana. Kazi ya siku nne. Sasa haivuji hata tone, na asubuhi nyingine Zuhura hukaa mbele, juu ya mto wangu, babake ameshika usukani, wananipungia mkono.

Mnaniuliza kama nitanunua mashua nyingine. Hilo hata sijaliapia. Nililoapa ni hili: siku mke wangu akisema kichwa chamuuma, popote tulipokuwa tukienda, na mimi siendi.