Nyanya Alipokataa Kushuka Kutoka Manga

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi hunichefua. Wengine huipenda, husema inanukia mvua na mbegu, na wakiona watu wanachimba msingi wa nyumba husimama kutazama. Mimi huvuka barabara. Nisikilizeni niwaeleze kwa nini, maana ni hasira ya utotoni ambayo mpaka leo haijazeeka.

Nilizaliwa juu kwenye ukingo wa Manga, mahali ambapo asubuhi ukungu hulala chini yako, na jogoo wa bondeni husikika kama anawikia ndani ya mtungi. Babu yangu, Ombati, hakuzaliwa pale. Alifika akiwa kijana, akikimbia njaa ya kwao, akapokewa na mzee mmoja aliyekuwa na mlima mkubwa na watu wachache wa kuukalia. Fisi walikuwa wakiingia mpaka zizini. Siku hizo mtu alitafutwa. Kijana mwenye nguvu na mkuki alibembelezwa akae, akaonyeshwa pa kulima. Babu akafyeka msitu, akapanda wimbi, na mwishowe mzee yule akamwoza binti yake, Kemunto. Huyo ndiye nyanya yangu.

Nyanya alikuwa mfupi, na alikemea ng'ombe, wajukuu na mvua ya mawe kwa sauti ile ile. Tukipalilia naye, alikuwa akinyoosha kijembe chake kuelekea maboma ya majirani. Hawa walitoka upande wa ziwa. Wale walikuja na ng'ombe mmoja mgonjwa. Wale babu yao alifukuzwa na ndugu zake kwa sababu ya ulafi, na ukitazama vizuri, ulafi wenyewe bado wanao. "Hakuna aliyeota hapa kama uyoga," alituambia. Nilicheka mpaka nikakata wimbi badala ya magugu.

Nilipokuwa msichana wa kutosha kubeba maji peke yangu, vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na mlima ulikuwa umejaa. Boma liligusana na boma. Fisi walikuwa wamebaki katika hadithi tu, na watu walianza kupanda kahawa. Ndipo Nyakundi, mtoto wa kaka yake nyanya, alipokwenda kwenye baraza la wazee kusema kwamba sisi ni abamenyi, yaani watu waliokaribishwa kukaa tu, na kwamba sasa wanawe wamekua na wanahitaji shamba. Babu alikuwa amekwisha kufa, amezikwa kando ya nyumba yake. Nyakundi huyo nyanya alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Ugali wa kwetu aliula mpaka wiki ile ile ya kesi.

Siku ya kesi nilikaa nyasini na nyanya, pamoja na wanawake wengine. Mzee wa baraza akamwuliza tata, baba yangu, "Ombati alipofika alimkuta nani?"

"Alimkuta babu yake Nyakundi," tata akajibu. "Lakini mama yangu alizaliwa hapa. Ni binti wa mlima huu."

Mzee akatabasamu. "Mama zetu wote walizaliwa mahali fulani."

Watu wakacheka. Nyanya akasimama.

"Nyakundi," akasema, "waambie wewe ulizaliwa wapi. Ulizaliwa kule bondeni, malishoni, na mimi ndiye niliyekupokea. Wewe umefika hapa ukiwa mgongoni mwangu. Leo mimi ndiye mgeni?"

"Shangazi," Nyakundi akasema, macho chini, "uliolewa."

"Mama, kaa chini," mzee akasema. "Hii ni kesi ya shamba."

Askari wa baraza akamshika bega akamkalisha, kama mtu anayemkalisha mtoto.

Baraza likampa Nyakundi shamba, na wanawe hawakungoja hata wimbi likomae. Walichimba mtaro kati ya nyumba yetu na migomba yetu, wakiimba, na udongo wakautupia juu ya kaburi la babu. Nilisimama mlangoni nikiunusa. Mama alinivuta ndani akafunga mlango, nami nikadhani anaogopa. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anajizuia.

Tulipofunga mizigo kushuka Masimba, ambako tata alipata mahali, nyanya naye alifunga wake. Kisha akageuka njia ya juu, akaruka mtaro, akaingia kwa Nyakundi na kuweka mzigo wake karibu na meko.

"Nimerudi kwetu," akasema. "Mimi ni binti wa boma hili. Nani atanifukuza?"

Hakuna aliyethubutu. Nililia njia nzima, na nilikuwa nalia kwa hasira dhidi yake. Niliona ametuacha sisi, akawachagua wale. Masimba kulikuwa na joto, mbu na ardhi tambarare isiyo na kitu cha kutazama. Waliopita kwetu walituletea habari: nyanya anawakemea wana wa Nyakundi mchana kutwa, nyanya kila asubuhi anapalilia kaburi la mumewe, na kahawa iliyopandwa jirani yake anaing'oa. Wengine walicheka. Mimi sikucheka.

Halafu siku moja, wakati wa kuanika mahindi, wanaume walitokea wakiwa wamebeba machela. Juu yake alikuwa nyanya, amekonda, midomo imepasuka kwa jua la safari. Wakamweka uani.

"Nyanya ameugua," mtoto wa Nyakundi akasema. "Ametaka mwenyewe kuja kwenu."

Nyanya akafumbua macho. "Mwongo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini tuliisikia sote.

Alikufa kabla mahindi hayajakauka. Tukamzika pale, kwenye uwanda.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa tata aliponieleza. Kwetu mke huzikwa kando ya mumewe. Nyanya angefia juu, Nyakundi mwenyewe angelazimika kumchimbia kaburi kando ya Ombati, ndani ya boma letu, mbele ya mlima wote, na baada ya hapo hakuna mzee ambaye angesema boma lile halina wenyewe. Nyanya hakuwa ametuacha. Alikwenda kukingojea kifo chake mahali ambapo kingetufaa. Na Nyakundi alilijua hilo, ndiyo maana alimshusha mlima akiwa bado anapumua.

Kanisani kila Sabato huambiwa nisamehe. Nimewasamehe watu wengi, na mengine makubwa. Lakini nyanya yangu amelala Masimba peke yake, na mumewe yuko Manga chini ya kahawa ya watu. Hili sijalisamehe.