Nondo za Fundi Ghorofa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Ghorofa, na jina lenyewe lilikuwa kejeli tupu. Nyumba yake haikuwa na ghorofa. Ilikuwa nyumba ya chini ya kawaida kabisa, ila juu ya paa lake la zege, kwenye kila nguzo, aliacha nondo ndefu zimechomoza, zikisubiri ghorofa ya mtoto wake wa kiume. Waashi wengi hufanya hivyo: unaacha chuma juu ili siku mfuko ukituna uendelee pale ulipoishia. Mfuko wa fundi huyu ulituna na kusinyaa mara nyingi tu. Karo ikala, harusi ya binti ikala, na nondo zikaota kutu huku mkewe akizifungia kamba za kuanikia nguo.

Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza kugoma. Kupanda jukwaa kazini ilikuwa vita, na kushuka ilikuwa aibu, maana vijana wa zege walimpokea kwa mikono miwili kama mgonjwa. Alijua, hata kabla daktari hajafungua mdomo, kwamba kazi ilikuwa inampa kwaheri. Na fundi wa kujitegemea hana pensheni. Siku asiposhika mwiko, hakuna wa kumlipa. Alichokuwa nacho ni akiba ya miaka mingi ya kujinyima, nayo ingetosha jambo moja tu.

“Baba, tuigawe hii nyumba,” mkewe alimwambia, kwa mara ya ngapi sijui. “Vyumba vya nyuma wanalala panya bure. Tuvitolee mlango wao na choo chao, tupangishe. Goti likikataa kabisa, kodi itatulisha.”

“Na ghorofa ya kijana? Nilimwahidi tangu akiwa shule ya msingi.”

“Kijana ana kazi yake huko aliko, na maisha yake. Haya, jenga. Akirudi atakukuta huna hata chumvi, lakini una ghorofa.”

Fundi alinuna. Kwa kununa, bwana huyu alikuwa bingwa: aliweza kula, kuoga na kusikiliza taarifa ya habari huku amenuna. Kichekesho ni kwamba wateja wake wote aliwaonya wasianze wasichoweza kumaliza, ila onyo hilo kwake halikupita hata mlangoni. Asubuhi moja, mke akiwa sokoni, alijikaza akaegesha ngazi, akapanda na futi yake kwenda kupima ghorofa.

Kupanda alipanda. Goti likakataa kushuka. Mkewe aliporudi alimkuta amekaa juu katikati ya nguo mbichi, ametulia kama aliyepanda kupunga upepo.

“Usiniulize,” fundi alisema.

“Sijauliza,” mke akajibu, akaenda kuwaita majirani huku akibana kicheko.

Habari zilimfikia kijana wao, naye akaja mwisho wa wiki. Alipomaliza kumpa baba yake pole, alipanda paani kuteremsha futi iliyosahauliwa, akakaa huko kitambo. Aliposhuka, aliketi karibu na baba yake.

“Baba, usikasirike. Kila nikija, kabla sijakuona wewe, naziona hizi nondo. Basi njia nzima nakuwa natunga uongo.”

“Uongo gani?”

“Kwamba nitarudi kuishi hapa. Sirudi, baba. Nitakuja kuwaona, tena nitakuja mara nyingi zaidi nikijua hakuna kinachoningoja huko juu.”

Iliuma. Iliuma kuliko goti, na fundi alitazama ukuta kana kwamba ameona ufa. Kumbe miaka yote hiyo alidhani anamwekea mtoto wake zawadi, na mtoto anaiona kama deni! Lakini maumivu yalipotulia kidogo, alihisi pia mabega yamekuwa mepesi, na hilo hakulitarajia.

“Ungesema mapema, mwanangu.”

“Ungenisikia?”

Fundi alimwambia akalete msumeno wa kukatia chuma.

Nondo zilikatwa zote, isipokuwa mbili zilizobaki kwa amri ya mama mwenye nyumba, za kamba ya nguo. Akiba ilitoboa mlango wa nyuma, ikajenga choo na kupiga plasta. Chuma kilichokatwa fundi alikisugua kutu mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, goti limenyooshwa, akaenda kukichomelesha kuwa vizuizi vya madirisha ya wapangaji.

Mpangaji wa kwanza alikuwa nesi kijana. Siku aliyoleta kodi, aligonga dirisha kwa kidole akacheka.

“Mzee, vyuma vyote hivi! Mliogopa mwizi gani?”

“Vilikuwa vya kubeba ghorofa.”

“Na sasa?”

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa mlangoni akiupokea mkupuo wa kwanza wa kodi kwa mikono yenye povu la sabuni.

“Sasa vinatubeba sisi,” alisema.