Mabati ya Bulla Pesa

Enzi zetu, mvua ikipiga mabati ya mtaa wetu wa Bulla Pesa, hata Baba aliacha kugomba, maana nani angemsikia? Hapo ndipo sisi watoto tulipomwita majina yake ya utani mbele yake, tukatabasamu kwa adabu. Chai ya maziwa ya ngamia ilinukia moshi, na sahani ya Mama Kendi, jirani yetu Mmeru, ilingoja mvua ikatike irudishwe ikiwa na anjera, chapati zetu laini za unga uliochachuka. Sahani haikurudi tupu.

Mabati yale aliyanunua Babu alipotoka jeshi la Mwingereza. Nyanya alizaliwa kwenye nyumba ya mikeka, ile inayofungwa juu ya ngamia watu wakihama. Alikuwa akipiga ukuta wetu wa udongo kofi na kusema, "Hii haihami tena."

Kisha wakaja wapimaji na mnyororo na vigingi. Kiwanja kilikuwa kimepewa mtu mwingine, ajenge nyumba za mawe za kupangisha.

"Baba yangu alionyeshwa hapa na afisa mzungu, kwa kidole," Baba aliwaambia.

"Kidole hakina muhuri, mzee."

Baba aling'oa misumari, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Tukabeba mabati hadi mtaa wa Chechelesi, tukajenga upya. Mbao mpya hazikulingana na matundu ya zamani, kwa hiyo kila bati lilitobolewa upya. Mvua ya kwanza ikatuingilia yote.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi, na bado ndivyo nilivyo: viatu visiponyooka mlangoni, silali. Nikapanda kuziba kila tundu kwa sabuni. Mvua iliporudi, povu likamdondokea Nyanya kitandani.

"Mjukuu, unaniosha kabla sijafa?"

Tulicheka wote, isipokuwa Baba. Mvua zilizofuata hazikumkuta Nyanya.

Siku hizi pale petu pana vyumba vya mawe. Vijana wanaokaa humo, mvua ikinyesha, wanaongeza sauti ya kaseti. Hawajui raha ya kumtukana baba usoni. Mama Kendi naye alihama, sijui wapi. Sahani yake ya mwisho tunayo.

Wiki hii nimeona vigingi vipya mwisho wa mtaa wetu wa Chechelesi. Sikusema nyumbani, nilitaka kwanza kuhakikisha. Jana nikamkuta Baba amechuchumaa uani na nyundo, jiwe mbele yake, ananyoosha misumari ya zamani.